Kuidhinishiwa sio kupewa

Mwezi wa nane 2025 mama mmoja wa ofisi ya uhasibu ya idara yetu aliniita, akanigeuzia skrini ya kompyuta nione mwenyewe, afu akaongea kwa upole kabisa kama mtu anayempa mtoto dawa chungu: hii hela inaweza kununua mbolea yako, inaweza kununua vifaa vya maabara, inaweza hata kukulipa posho yako ya kila mwezi, ila ada yako haiwezi kulipa. Nikamwambia mbona hii ni hela ya utafiti na mtafiti mwenyewe ndo mimi. Akacheka, akasema sio mimi, ni sheria.

Sasa mimi ni mbishi. Nikarudi kwenye meza yangu nikaanza kuchimba, na kumbe kweli. Hela yenyewe ilikuwa ya Hatch, yaani ile hela ya vituo vya utafiti wa kilimo inayotoka Washington kila mwaka kwenda kwenye vyuo vya majimbo ya Marekani, na kuna kifungu kwenye sheria ya kilimo ya 1977 kinachosema hela za aina hii zisiguswe kulipia ada ya mwanafunzi, wala zile gharama za jumla ambazo chuo huwa kinakata juu ya kila granti, umeme sijui, usafi, makarani na mambo kama hayo. Aliyeandika huo mstari inawezekana alikuwa na nia nzuri tu, hela iende shambani isiishie ofisini kwa wakubwa. Ila mstari wake umenikuta mimi, miaka mingi baadae, nimeshika pipeti mkononi sijui semesta ijayo nasoma au nafunga mizigo.

Chuo sikitaji, kipo majimbo ya katikati kule kwenye mahindi na soya, wanaojua watajua.

Basi ndo nikaanza kuifuatilia hii kitu inayoitwa Farm Bill, yaani hiyo sheria kubwa ya kilimo ya Marekani. Ukiitaja watu wengi wanawaza ruzuku za wakulima wakubwa, bima ya mazao, na SNAP ile kadi ya chakula ya wenye kipato kidogo, na hawajakosea. Ya mwisho kupita ikiwa nzima ilisainiwa 20 Desemba 2018, ilikuwa na sura 12, wataalamu wa bajeti wa Kongresi waliipigia hesabu ya dola bilioni 867 kwa miaka kumi, na kama robo tatu ya hizo zinaenda kwenye chakula. Sie watu wa vyuo tumekaa sura ya saba, utafiti na ugani, na kwenye hilo fungu kubwa hatufiki hata asilimia 1. Profesa wangu anapenda kusema sisi ni chumvi kwenye sufuria kubwa. Mimi naona chumvi angalau ikikosekana watu wanalalamika.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya ni hiki. Sheria ya 2018 iliisha muda wake 30 Septemba 2023, mimi ndo kwanza nipo semesta ya kwanza, mgeni hata njia ya maktaba sijaizoea, nasikia kwenye redio sheria ya kilimo imekufa, Kongresi haijapitisha nyingine. Ilikuwa Jumamosi. Jumatatu nikaenda maabara natarajia kukuta kufuli mlangoni, nikakuta wenzangu wanakunywa kahawa kama hakuna kilichotokea, mmoja anabishana na mashine ya kukausha udongo. Nikauliza si sheria imekufa? Wakanitazama kama nimeuliza kwa nini jua limechomoza.

Maelezo yake ni kwamba vyuo hivi vimejengwa juu ya sheria za zamani ambazo hazifi. Ya kwanza ni ya Morrill, Lincoln aliisaini 2 Julai 1862 vita vya wenyewe kwa wenyewe vinawaka, ikatoa ekari 30,000 kwa kila seneta na kila mbunge wa jimbo, jimbo liuze ardhi hiyo lianzishe chuo cha kufundisha kilimo na ufundi. Ndo maana vinaitwa vyuo vya land-grant, yaani vyuo vilivyopewa ardhi. Na ardhi hiyo haikuwa ya bure bwana, ilikuwa ya watu, waandishi walioifuatilia 2020 walihesabu karibu ekari milioni 10.7 zilizotoka kwa makabila asilia yapatayo 250. Majimbo ya mashariki yasiyokuwa na ardhi ya serikali yalipewa vyeti, wakaenda kuchukua mbali, New York ilipata vyeti vya karibu ekari 990,000 na Ezra Cornell akavitumia kujichukulia misitu ya misonobari kule Wisconsin. Chuo kipo jimbo moja, miti imekatwa jimbo lingine, na waliokuwa wakiishi chini ya hiyo miti hawakualikwa kwenye mahafali.

Afu ikaja ya Hatch 1887, kila jimbo kituo cha utafiti na dola 15,000 kwa mwaka, halafu Smith-Lever 1914 ikaleta ugani, mabwana shamba na mabibi shamba wa kuyatoa ya chuoni kuyapeleka kwa mkulima. Hizi hazina tarehe ya kufa. Farm Bill inakuja kila baada ya miaka mitano hivi, inazifanyia marekebisho, inaongeza programu mpya, inapanga nani astahili nini. Yaani nyumba ilishajengwa zamani, hii inakuja kupaka rangi na kuongeza vyumba, na mara nyingine inaweka mlango halafu ufunguo unabaki kwa mtu mwingine.

Huo ufunguo ndo stori yenyewe. Farm Bill kwa sehemu kubwa ya mambo ya utafiti haitoi hela, inaidhinisha tu. Inasema programu fulani inaruhusiwa kupewa mpaka kiasi fulani. Kutoa ni kazi ya kamati nyingine kabisa, ya matumizi, ambayo kila mwaka inakaa inagawa ilichonacho. Mfano ulioniuma mimi mwenyewe ni AFRI, ule mfuko mkubwa wa granti za ushindani. Ulianzishwa na Farm Bill ya 2008, ukaidhinishiwa dola milioni 700 kwa mwaka. Toka hapo sheria imerudiwa 2014, ikarudiwa 2018, namba ikabaki 700, na haijawahi kufika hata mwaka mmoja, 2024 zilitolewa kama milioni 445. Kwa hiyo mbunge anaweza kusimama jukwaani akasema tumeidhinisha milioni 700 kwa ajili ya sayansi ya kilimo, na hajadanganya. Na mimi naweza kukaa huku maombi yetu yamerudi na maoni mazuri, wasomaji wamesema kazi inafaa kufadhiliwa, halafu mstari wa mwisho unasema fedha hazikutosha kufika kwetu, na wao pia hawajadanganya.

Granti iliyokuwa inanilipia ada miaka miwili ya mwanzo ilikuwa ya huko AFRI. Ilipoisha na hiyo nyingine ikagoma, ndo nikahamishiwa kwenye Hatch, ndo nikaitwa kwenye ile skrini.

Watu wakisikia vyuo vinalia njaa wanadhani wanatia chumvi, ila ukiweka pembeni mfumuko wa bei, matumizi ya umma kwenye utafiti wa kilimo Marekani yalifika kilele 2002 na mpaka 2019 yalikuwa yameshuka karibu theluthi moja. Hizo ni hesabu za wachumi wa wizara yenyewe ya kilimo.

Sasa Hatch yenyewe inagawanywaje, hapa kuna uchokozi mwingine. Kuna sehemu inagawiwa sawa kwa majimbo yote, na kubwa zaidi inaenda kwa hesabu ya watu wa vijijini na watu wa mashambani, halafu angalau robo lazima iwe kazi za kushirikiana majimbo mbalimbali. Na jimbo lazima liweke dola yake kwa kila dola ya Washington. Vyuo vikubwa kama hiki changu majimbo yanaweka hiyo dola na kupitiliza, hawana shida. Shida ipo kwa wale wa 1890.

Hawa ni vyuo 19 vya watu weusi, Tuskegee, Florida A&M, Alcorn, Prairie View, Langston na wenzao. Mwaka 1890 ilipita sheria ya pili ya Morrill ikiambia majimbo ama mpokee wanafunzi weusi kwenye chuo mlichonacho ama muwafungulie cha kwao mgawane hela kwa haki, na majimbo ya kusini yakachagua kufungua cha pembeni, ile ya haki ikasahaulika njiani. Hela ya utafiti ya uhakika walianza kuiona kwenye ile Farm Bill ya 1977, ya ugani hivyo hivyo, yaani miaka 87 wakisubiri. Na hata baada ya hapo wakawekewa kipengele: jimbo likishindwa kuweka dola kwa dola linaweza kuomba ruhusa liweke nusu. Kwenye karatasi ni huruma, chuo kisikose hela ya Washington kwa sababu jimbo halina. Kwa vitendo ni jimbo hilo hilo linatoa dola nzima na zaidi kwa chuo chake kikubwa, halafu kwa hiki cha weusi linajifanya maskini.

Septemba 2023 waziri wa elimu Miguel Cardona na wa kilimo Tom Vilsack waliandika barua kwa magavana wa majimbo 16 wakawapigia hesabu: kutoka 1987 mpaka 2020, kama majimbo yangewapa hawa kwa kila mwanafunzi sawa na walivyowapa wale wa 1862, yaani vyuo vya ile Morrill ya kwanza, wangekuwa na zaidi ya dola bilioni 12 ambazo hawakuzipata. Tennessee State peke yake karibu bilioni 2.1. Nikutajie kitu kingine kidogo ambacho kwangu kinauma kuliko hizo bilioni: mpaka 2018 hela zao za ugani walikuwa hawaruhusiwi kuvusha zaidi ya asilimia 20 kwenda mwaka unaofuata, wakati wenzao wa 1862 hawakuwekewa kamba hiyo. Sasa fikiria hela imechelewa kufika, jimbo limechelewa kuweka lake, msimu wa kupanda umeshapita, na wewe unaambiwa tumia sasa hivi au rudisha. Farm Bill ya 2018 ndo ikaifuta. Ndo iliyoweka pia programu ya skolashipu kwa wanafunzi wa hivyo vyuo, na ya 2014 ndo iliyokiingiza Central State cha Ohio kwenye familia, kwa hiyo siwezi kusema hii sheria haina kazi.

Nina rafiki anasoma kwenye kimoja cha hivyo vyuo, yeye yupo kwenye ule mpango mwingine wa wizara wa kulipiwa kila kitu afu ukimaliza unaenda kuwafanyia kazi. Februari 2025 ulisimamishwa. Alinipigia usiku, sauti imekauka. Kelele zikapigwa na wabunge, siku chache baadae ukarudishwa, akanitumia meseji ya neno moja, "umerudi". Hajawahi kuulala usingizi wa zamani lakini.

Turudi kwenye danadana. Sheria ya 2018 ilipoisha 2023, ikaongezwa mwaka mmoja mwezi wa 11. Ikaisha tena 2024, ikakaa miezi haina mwenyewe, Desemba ikaongezwa tena. Ikaisha tena Septemba 2025, safari hii ikaenda pamoja na serikali nzima kufungwa siku 43, mpaka 12 Novemba walipofungua na kuiongeza mpaka 30 Septemba 2026. Kipindi kile nilimwandikia afisa mmoja wa granti swali dogo tu kuhusu ripoti, likarudi jibu la mashine kwamba hayupo kazini kwa sababu hakuna bajeti. Nikaliangalia lile jibu nikasema sawa, tupo wengi.

Na katikati ya hizo nyongeza ikapita ile sheria kubwa ya kodi iliyosainiwa 4 Julai 2025, ambayo ilichomoa vipande vyenye hela kutoka kwenye Farm Bill ikavipitisha peke yake. Watu wa vyuo tukajikuta hatujui tucheke au tulie. Mpango wa utafiti wa mboga na matunda ukapanda kutoka milioni 80 mpaka 175 kwa mwaka, skolashipu za vyuo vya 1890 zikapata milioni 60, na kwa ajili ya majengo ya utafiti wakaweka milioni 125 kila mwaka, hela ya uhakika, sio ya kuidhinishiwa. Hapo kwenye majengo nitasimama kidogo maana napajua kwa mikono. Greenhouse yetu ina kioo kimoja kilichopasuka kimeshikiliwa na gundi ya karatasi toka kabla sijafika, mvua ikinyesha tunahamisha trei za miche kwa zamu kama watu wanaohamisha watoto nyumba inavyovuja, na friza ya mbegu ipo koridoni kwa sababu chumba chake soketi zimeungua. Nilidhani ni sisi tu. Uchunguzi uliotolewa 2021 ulisema asilimia 69 ya majengo kwenye skuli za kilimo za vyuo vya umma yamefika mwisho wa maisha yake, na matengenezo yaliyoahirishwa yanafika dola bilioni 11.5. Sasa gawanya mwenyewe bilioni 11.5 kwa milioni 125 uone ni miaka mingapi. Nishagawanya, inazidi 90. Ila siwezi kuidharau, kabla ya hapo hela ya uhakika ya majengo haikuwepo.

Sasa upande wa machozi. Sheria hiyo hiyo ikaiua SNAP-Ed, ule mpango wa kufundisha lishe familia zinazotumia kadi ya chakula, mwisho wake ukawa Septemba 2025. Hii kwenye makaratasi sio hela ya utafiti, sura yake nyingine kabisa, ila sehemu nyingi waliokuwa wanaifanya kazi hiyo ni watu wa ugani wa vyuo vyetu. Na ugani ni kama kiti cha miguu mitatu, Washington, jimbo, kaunti, ukikata mmoja ndo unajua wengine walikuwa wameegemea wapi.

Niliona kwa macho. Kuna ofisi ya ugani ya kaunti tunafanya nayo majaribio, mwendo wa saa moja na nusu toka chuoni, jengo dogo limepakana na karakana ya trekta. Kawaida ukiingia unakuta dada wa lishe meza ya kwanza, bwana shamba ya pili, wa vijana wa 4-H ya tatu, na juu ya kaunta mifuko ya karatasi ya sampuli za udongo. Nilivyoenda mwezi wa 10 meza ya kwanza ilikuwa tupu, picha za mboga bado zipo ukutani. Bwana shamba ndo anapokea simu zote. Tukiwa pale akaingia mzee na mfuko wa plastiki wa majani ya soya yamekuwa ya njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe bado kijani, bwana shamba akayageuza mara mbili, akamuuliza shina ukilipasua ndani rangi gani, mzee akasema kahawia pembeni, katikati nyeupe. Akamwambia hiyo ni ule ugonjwa wa kufa ghafla, SDS, sasa hivi hakuna dawa, mwakani badilisha mbegu. Dakika nne. Hakumlipisha chochote. Katikati ya hizo dakika nne simu iliita mara mbili, moja alikuwa mama anauliza darasa la mapishi limehamia wapi.

Yule bwana shamba alijua majibu hayo kwa sababu kuna mtu mahali alikaa miaka anapanda soya kwenye udongo wenye huo ugonjwa ahesabu zipi zinakufa na zipi zinabaki, na mimi ndo kazi yangu hiyo hiyo kwa zao lingine. Na huo utafiti hauendi kwa mwaka wa bajeti. Kizazi cha mbegu kinachukua msimu, unahitaji misimu sita saba kabla hujampa mtu kitu cha kuaminika, sasa ukiwa na sheria inayoongezwa miezi kumi na miwili kumi na miwili unapanga nini? Profesa wangu ameacha kuajiri. Sio kwamba hana hela kabisa, anayo ya mwaka huu, ila hawezi kumuahidi mtu miaka minne. Mwaka 2025 hakuchukua mwanafunzi mpya hata mmoja, meza iliyo mbele yangu imekuwa ya kuwekea makoti.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini chuo chenyewe kisilipe. Kinalipa. Kinalipa kwa kupandisha ada za wengine na kwa kuvuta vuta hela za jimbo, na jimbo nalo mahindi yakishuka bei kodi inashuka. Na kampuni za mbegu? Zinafadhili, ndio, zinafadhili kinachouzika. Hakuna kampuni itakayolipia mtu akae miaka anaangalia minyoo ya udongo kwenye zao linalolimwa kaunti tatu.

Mama wa uhasibu mwenyewe hakukata tamaa na mimi. Alikuwa ananiandikia kila baada ya wiki mbili, sentensi moja moja, bado natafuta, bado natafuta. Wiki moja kabla ya krismasi akaniita tena, skrini ile ile, akanionyesha mstari wenye namba ya akaunti nisiyoijua, akasema hii inaweza kulipa ada, semesta moja, mpaka mwezi wa tano. Nikamuuliza ni hela ya nani. Akasema ukianza kuuliza hivyo na wenyewe wataanza kuuliza. Nikasaini, nikashuka ngazi, nikapita kwenye friza ya koridoni kuangalia kama taa ya kijani bado inawaka.